Fahali Uliyemlea kwa Chupa Anaweza Kukuua

"Huyu hana neno, daktari, nimemnyonyesha kwa chupa tangu azaliwe." Wiki hii nimeambiwa hivyo tena, na mwenye fahali alikuwa amempa mgongo huku akiongea nami.

Jamani, huyo ndiye wa kuogopwa zaidi. Ndama dume akilelewa peke yake, bila ndama wenzake, hukua akimhesabu binadamu kuwa ng'ombe mwenzake. Akiwa mdogo anakufuata, anakusukuma kwa kichwa, watoto wanacheka. Kwenye miezi 9 hadi 12 anabalehe na kuanza kutafuta ukubwa katika kundi. Aliyekulia na wenzake hupimana nguvu nao. Wako anakupima wewe. Wengi huonyesha ukali wa kweli kati ya miezi 18 na 24, na mfugaji hushangaa kwa sababu jana tu alikuwa mpole. Mafahali wa maziwa, kama Jersey na Friesian, ni wakali zaidi, na ndio hao ambao kwa kawaida hutenganishwa na mama zao mapema.

Kwa hiyo mchanganye na ndama wengine mapema iwezekanavyo. Na nakusihi, usimkune kipaji cha uso wala usicheze naye kusukumana. Unamfundisha kupigana. Mkono ukiwasha, mkune shingoni au begani. Siku akikugeuzia ubavu, akakunja mgongo, akainamisha kichwa na kuparua ardhi, huo si mchezo: rudi nyuma taratibu ukimtazama hadi utoke. Usikimbie, usimpe kisogo.

Wengine huniambia hana pembe, kwa hiyo hana madhara. Fahali asiye na pembe huua kwa kumgandamiza mtu ukutani au chini kwa kichwa chake, mbavu zikavunjika. Kukata pembe ni jambo jema, ila hakumwondolei uzito.

Kuhusu kitambaa chekundu kinachosemwa humkasirisha fahali, ng'ombe hawaioni vizuri rangi hiyo. Kinachomchokoza ni kile kinachopepea.

Pete ya pua nayo wanaitegemea kupita kiasi. Kidonda cha kutobolewa pua kipone kwanza ndipo uiguse. Usimfunge fahali nguzoni kwa pete peke yake, maana akishtuka atachana pua, na baada ya hapo huna cha kumshikia. Mfunge kwa hatamu ya kichwani. Pete iwe ya kumzuia tu unapotembea naye, ukiwa usawa wa bega lake.

Kuna hili la kuzungusha kamba kiganjani "ili asiponyoke". Ndama wa miezi 6 anaweza kuwa tayari amekuzidi uzito. Akitimka, kamba hukaza, na vidole au mwili mzima huenda nayo. Ikunje kamba mkunjo juu ya mkunjo, uishike kwa nje, ili ukifungua kiganja iachie yote.

Na wanaosubiri akomae ndipo wamfundishe kuongozwa kwa kamba wamechelewa. Anza akiwa na miezi 3 hadi 6, dakika 15 kwa siku, ukimfunga, fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja, nawe usiondoke machoni pake. Vuta kidogo, na akipiga hatua legeza kamba papo hapo. Kulegezwa huko ndiko kunakomfundisha. Ukiendelea kuvuta, atajifunza kukuvuta pia. Kama huna mpango wa kumpandisha, mhasi mapema.