Wake na watoto wa Vladimir wa Kyiv: hesabu ianzie kwa mama

Watoto wa Vladimir, mtawala wa Kyiv katika Ukraini ya leo aliyefariki tarehe 15 Julai 1015, wameorodheshwa mara mbili katika kumbukumbu za kale za nchi hiyo, na orodha hizo hazifanani. Ya kwanza imewekwa chini ya mwaka 980 na inawapanga watoto kwa mama zao. Ya pili, chini ya mwaka 988, inataja wana 12 mfululizo, mama hawatajwi. Wengi hunakili hii ya pili kwa sababu ni fupi na hesabu yake imekamilika. Anayetaka kuelewa kwa nini ndugu hao waliuana baba yao alipokufa atafaidika zaidi na ile ya kwanza.

Tuanze na mama wa Vladimir mwenyewe. Aliitwa Malusha, kijakazi mshika funguo wa Olga, bibi yake Vladimir mzaa baba. Kwa hiyo Vladimir alikuwa mwana wa mfalme na mwana wa kijakazi kwa wakati mmoja. Kilichomwinua ni mjomba: Dobrynya, kaka yake Malusha, ndiye aliyewashauri watu wa Novgorod wamwombe kijana huyo awe mtawala wao mwaka 970.

Nasaba hiyo ilimrudia alipoposa. Rogneda alikuwa binti wa Rogvolod, mtawala wa Polotsk katika Belarusi ya leo. Kwa mila ya huko bibi harusi humvua bwana harusi viatu, na kumbukumbu zinasema Rogneda alijibu kwamba hatamvua viatu mwana wa kijakazi. Alimtaka Yaropolk, kaka yake Vladimir kwa baba. Vladimir aliivamia Polotsk, akamuua Rogvolod na wanawe wawili, akamchukua Rogneda kwa nguvu. Kisha akaenda Kyiv na kumuua Yaropolk, aliyekuwa akitawala huko.

Rogneda aliwekwa kando ya mto Lybed, nje ya Kyiv, akazaa wana wanne, Iziaslav, Mstislav, Yaroslav na Vsevolod, pamoja na mabinti wawili. Kuna simulizi maarufu kwamba alijaribu kumchoma Vladimir kisu usingizini, na Vladimir alipotaka kumuua, mtoto Iziaslav akatokea na upanga wazi mkononi kumkinga mama yake. Baraza likamshauri baba awarudishie mama na mwana nchi ya Polotsk. Simulizi hii imeingizwa chini ya mwaka 1128, zaidi ya miaka 100 baada ya Rogneda kufa (1000). Isichukuliwe kama taarifa ya shahidi. Hata hivyo inaeleza jambo ambalo kweli lilitokea: uzao wa Iziaslav ulibaki Polotsk kama ukoo wa peke yake, na vizazi vya baadaye viliutambua kuwa uzao wa Rogvolod, babu mzaa mama.

Mke wa pili kwa uzito ni mjane wa Yaropolk, Mgiriki aliyekuwa mtawa kabla ya kuletwa Kyiv na Sviatoslav, baba wa ndugu hao wawili. Vladimir alimchukua akiwa tayari mjamzito. Msomaji anayejua maana ya eda ataliona tatizo papo hapo: mtoto aliyezaliwa, Sviatopolk, anaitwa na kumbukumbu mwana wa baba wawili. Kwa Vladimir alikuwa mwana. Kwa hesabu ya damu alikuwa mwana wa kaka aliyeuawa, mwenye kisasi na mwenye haki ya kiti.

Wengine wametajwa kwa asili zao tu. Mcheki alimzaa Vysheslav; mwingine aliwazaa Sviatoslav na Mstislav; Mbulgaria aliwazaa Boris na Gleb. Hapa hesabu huwakwaza wengi. Orodha ya 980 ina majina 10, lakini Mstislav ametokea mara mbili, kwa mama wawili tofauti. Ukimhesabu mara moja unapata 9. Ukiongeza Stanislav, Pozvizd na Sudislav, ambao mama zao hawatajwi, unafika 12 wa orodha ya pili. Pia usiuchukue 980 kuwa mwaka wa ndoa zote hizi. Mwandishi amekusanya mahali pamoja mambo ya miaka mingi.

Uthibitisho uko kwenye masuria. Tunaambiwa walikuwa 300 Vyshgorod, 300 Belgorod na 200 Berestovo, jumla 800. Lakini kumbukumbu hizo hizo zinasema Belgorod ulijengwa mwaka 991, Vladimir akiwa ameshabatizwa. Mara baada ya hesabu hiyo mwandishi anamtaja Suleiman na wake zake 700 na masuria 300, na hapo nia yake inajionyesha: anachora picha ya mpagani mkubwa ili ubatizo wake ung'ae zaidi. Kwamba masuria walikuwepo hakuna sababu ya kukataa. 800 ni namba ya mahubiri.

Ndoa iliyobadilisha kila kitu ni ya Anna, aliyezaliwa 963, dada wa Basil wa Pili, kaizari wa Bizanti (dola ya Wagiriki). Basil alikuwa ameelemewa na uasi wa Bardas Phokas, akahitaji askari. Vladimir alimpelekea takriban 6,000. Binti wa kaizari aliyezaliwa baba yake akiwa kitini hakuwa wa kuozwa kwa mpagani, hivyo ubatizo ukawa sharti. Vladimir aliuteka mji wa kale wa Kherson (Chersonesos) huko Krimea, kisha akaurudisha kwa Wagiriki kama mahari ya Anna. Neno la Kislavoni ni veno, nalo ni mahari kwa maana tunayoijua sisi: hutoka upande wa mume.

Anna alifariki 1011. Kwa sababu Boris na Gleb walipewa majina ya ubatizo Roman na David, na Roman ni jina la baba yake Anna, wapo wanahistoria wanaodhani yeye ndiye mama yao. Kumbukumbu zinabaki na Mbulgaria.

Mabinti wamesahauliwa mno. Thietmar, askofu wa Merseburg aliyeandika wakati huohuo, anasema Bolesław wa Poland alipoingia Kyiv mwaka 1018 aliwakuta mama wa kambo wa Yaroslav, mke wake na dada zake tisa. Taarifa hiyo moja inatupa mabinti tisa, na pia mke mwingine aliyeolewa baada ya Anna. Dada mmoja, Predslava, Bolesław aliwahi kumposa akakataliwa. Safari hii alimchukua mateka. Dada mwingine, Dobroniega, baadaye aliolewa na Kazimierz wa Poland, na Kazimierz akatoa mahari ya watu 800, mateka waliochukuliwa na Bolesław.

Sasa rudi 1015 ukiwa na mama hao mkononi. Vysheslav na Iziaslav walikuwa wamekufa. Yaroslav, wa Rogneda, alikuwa Novgorod na tangu 1014 alikuwa amekataa kupeleka Kyiv grivna 2,000 (fedha ya wakati huo) za kila mwaka. Sviatopolk alikaa Kyiv. Boris aliuawa tarehe 24 Julai, Gleb tarehe 5 Septemba, na Sviatoslav akikimbilia Hungaria. Lawama yote ameangushiwa Sviatopolk, ila kumbukumbu hizi ziliandikwa chini ya utawala wa wajukuu wa Yaroslav, aliyemshinda Sviatopolk mwaka 1019. Zisomwe kwa kuzingatia hilo.

Mstislav, mwana mwingine wa Vladimir aliyetawala mji wa Tmutarakan, alimshinda Yaroslav huko Listven mwaka 1024, wakagawana nchi kwa mto Dnipro 1026. Alipofariki 1036 bila mrithi, Yaroslav alimfunga gerezani Pskov ndugu aliyebaki, Sudislav. Alikaa humo hadi 1059, wana wa Yaroslav walipomtoa baada ya kumwapisha. Akawa mtawa, akafariki 1063.