“Nina waya sikioni” na dhana nyingine za madereva wa Dodoma

Jioni moja nilikuwa natoka mjini kurudi nyumbani Nzuguni. Simu ikaita, nikachomeka waya sikioni, fundi akaanza kunieleza kwa nini bati tulizonunua hazitoshi. Tukabishana idadi, tukabishana bei, mara naona nyumba nisizozitarajia: niko Ihumwa, nimeshapita kwetu. Nilikuwa nimepita stendi kuu ya mabasi pale Nanenane, nimepita soko la Job Ndugai na taa zake, na bajaji zinazochomekea kushoto na kulia, na sikumbuki hata moja. Sikumgonga mtu. Ila mpaka leo siwezi kuapa kwamba hakukuwa na mtu wa kugongwa.

Siku ile nilikuwa nimetimiza yote tunayoyaita usalama: mikono miwili kwenye usukani, macho mbele, spidi ya kawaida. Tuanzie hapohapo.

“Simu sijaishika, nina waya sikioni”

Hii ndiyo iliyoota mizizi kuliko zote, na wanaoiamini zaidi ni watu makini, wale wasiothubutu kuandika meseji huku wanaendesha. Wanadhani tatizo la simu ni mkono, kwa hiyo mkono ukiwa huru, mambo safi.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Toronto, Donald Redelmeier na Robert Tibshirani, walichapisha uchunguzi wa madereva 699 wenye simu waliokuwa wamepata ajali. Walichukua rekodi za simu zao wakazilinganisha na saa ya ajali. Walikuta hatari ya kugongana inapanda takriban mara nne mtu akiwa anatumia simu, na wale ambao hawakuishika simu mkononi hawakuonekana kuwa na nafuu yoyote ya maana. Shirika la Afya Duniani nalo hutaja hiyo mara nne.

Sababu yake ndiyo iliyonipata mimi Nanenane. Jicho linaweza kutua juu ya kitu na akili isikipokee. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah waliwaweka madereva kwenye mashine ya kuigiza udereva, wakiongea na simu bila kuishika. Watu waliyatazama mabango ya barabarani kabisa, vipimo vya macho vikionyesha hivyo, na baadaye walipoonyeshwa mabango yaleyale wengi hawakuyatambua. Sasa badala ya bango weka mtoto wa shule.

“Mbona abiria wanaongea na dereva kila siku?”

Hoja hii huwa inawanyamazisha watu, kumbe jibu lake liko ndani ya Coaster yoyote. Abiria anaona barabara. Lori likiovateki vibaya mbele yenu, maongezi yanakatika yenyewe, bibi wa siti ya mbele anasema “Mungu wangu!” kabla dereva hajakanyaga breki. Aliyepiga simu akiwa Kondoa haoni lori. Yeye anaendelea kuuliza ada ya mtoto imelipwa au bado, na anataka jibu sasa hivi.

Wiki chache zilizopita nilipanda gari linalotoka Kibaigwa. Dereva alikuwa ameibana simu kwa bega, anagombana na mtu kuhusu hesabu ya tajiri mwenye gari, na kila akipandisha sauti mguu nao ulizidi kukandamiza mafuta. Mama mmoja aliyepakata beseni la nyanya akamwambia, “Mwanangu, mwambie utampigia tukifika.” Konda akadakia, “Mama, dereva anajua kazi yake.” Gari zima kimya. Nami nilikaa kimya, nikiri tu.

“Barabara imenyooka na haina magari”

Ukishaitoka Bahi kuelekea Kintinku, kabla ya kuanza kupanda mlima wa kwenda Manyoni, kuna vipande vimenyooka hadi unachoka kuvitazama. Hapo ndipo simu inapotolewa mfukoni. Barabara ngumu humlazimisha dereva kuwa macho; iliyonyooka humpa usingizi au uchovu wa akili, akatafuta cha kufanya.

Hesabu yake fupi. Kwa spidi ya kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha mabasi na malori yetu, gari linakula mita 22 kila sekunde. Meseji ya “umefika wapi, usisahau mkaa” inahitaji sekunde tano kuisoma na kuijibu “sawa”. Hizo ni mita 110 na ushee, goli hadi goli pale Uwanja wa Jamhuri na bado unabaki na chenji, ukiwa umefumba macho. Na hapo breki hujaigusa.

Tena ile barabara “haina magari” ina wenyewe. Ina mbuzi wanaochungwa na mtoto wa miaka tisa. Ina punda wenye madumu ya maji, ambao hata ukiwapigia honi wanakutazama kama umewatukana. Mbuzi hasubiri umalize kuchati.

“Naangalia nikiwa nimesimama kwenye taa”

Afadhali kidogo, lakini akili haiwashwi kama taa. Utafiti mwingine wa Utah wa mwaka 2015 ulipima madereva waliotumia mifumo ya kuamrisha simu na redio kwa sauti. Kwa mifumo iliyokuwa migumu zaidi kutumia, umakini wa dereva ulichelewa kurudi kikamilifu kwa hadi sekunde 27 baada ya kumaliza. Kwa spidi 50, hiyo ni zaidi ya mita 370. Taa imeshawaka kijani zamani, wewe bado uko kwenye grupu la harusi.

“Bodaboda ni ndogo, inakwepa”

Simu imechomekwa kati ya shavu na helmeti, mkanda umelegezwa ili ienee. Kwa hiyo helmeti haimkingi dereva sawasawa, sikio moja halisikii honi, na abiria nyuma hana helmeti kabisa. Sina la kuongeza.

“Sheria yetu ni ya zamani, haijui simu”

Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, kweli, na mwaka huohuo mwezi Aprili ndipo Martin Cooper alipopiga simu ya kwanza ya mkononi kule New York. Lakini sheria hiyo ina kosa la kuendesha bila uangalifu na ina makosa ya kuendesha kwa hatari, na hayo hayajali kama kilichokupotezea uangalifu ni simu, hindi la kuchoma au mtoto anayelia siti ya nyuma. Trafiki hahitaji kifungu chenye jina la simu yako.

Wengine wanajifariji kwa faini: kosa moja shilingi 30,000 kwa gari, na tangu bajeti ya 2021 ni 10,000 kwa bodaboda na bajaji, lipa uendelee. Hiyo ni ya kusimamishwa ukiwa hujamdhuru mtu. Ukimuua mtu hakuna faini ya papo kwa papo. Kuna mahakama, na leseni inayokulisha inaweza kuondoka.

“Hii ilikuwa simu ya kazi”

Tarehe 24 Julai 2013, karibu na Santiago de Compostela nchini Hispania, treni ya abiria iliingia kwenye kona ya kilomita 80 kwa saa ikiwa na spidi ya 179. Watu wapatao 80 walikufa. Muda mfupi kabla, dereva alikuwa kwenye simu. Hakuwa anapiga soga. Aliyempigia ni mwenzake wa kazi, mkagua tiketi aliyekuwa humohumo kwenye treni, kwa jambo la abiria. Wengi walilaumu pia reli kukosa mfumo wa kupunguza spidi wenyewe, na ni haki. Ila ile simu ilikuwa ya kazi.

Mara nyingi hapa kwetu anayepiga anajua kabisa dereva yuko njiani: tajiri anayedai hesabu, bosi wa ofisi za serikali kule Mtumba anayetaka faili, mke, mume. Na dereva naye hataki kuonekana ana dharau. Fundi wangu, jioni ile, aliuliza mapema kabisa: “Uko wapi bosi, nisije nikakusumbua?”

Nikamjibu, “Naendesha, we endelea tu.”