Soko la Afrika Mashariki: yanayosemwa Moshi na Arusha, na hali ilivyo

"Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mzigo unavuka bila makaratasi." Sivyo. Umoja wa Forodha ulioanza mwaka 2005 uliondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, na lazima uthibitishe kwamba zimezalishwa humo. Bila cheti cha uasili, yaani hati inayoonyesha bidhaa imezalishwa wapi, maharage yako yanahesabiwa kama yametoka nje ya Jumuiya. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, unaandikiwa cheti kilichorahisishwa palepale mpakani Holili au Namanga. Ankara na cheti viseme kitu kimoja: "maharage makavu, magunia 10 ya kilo 100", siyo "mazao".

Wengi wanakwama baada ya hapo. Cheti cha uasili kinaondoa ushuru wa forodha tu. Kodi nyingine za nchi unakopeleka zinabaki, na mazao bado yanahitaji cheti cha usafi wa mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Kitafute kabla ya kupakia, maana nyanya hazisubiri.

"Kikifungashwa hapa ni cha hapa." Hapana. Kufungasha upya, kubandika lebo au kuchanganya tu hakubadilishi uasili. Mchele wa Pakistan uliomiminwa kwenye mifuko ya kilo 5 yenye picha ya Mlima Kilimanjaro unabaki wa Pakistan. Tunaiunga mkono kanuni hii kwa nguvu zote. Bila hiyo, mkulima wa mpunga wa Lower Moshi angeshindana na mfuko unaojifanya wa kwake.

"Viwanda ni mashine, mtaji ukipatikana, vimepatikana." Dhana hii ndiyo inayotugharimu zaidi. Chukua ngozi, kwa kuwa Moshi tuna kiwanda cha ngozi na viatu pale Karanga. Ubora wake huamuliwa machinjioni. Kisu kikitoboa, au ng'ombe akiwa amepigwa chapa mgongoni, sehemu yenye thamani kubwa imeshaharibika. Ikishachunwa, ioshwe damu na samadi, ichuruzike, kisha ipakwe chumvi upande wa nyama ndani ya saa chache. Ngozi ya kilo 20 inahitaji kilo 6 hadi 8 za chumvi. Ukibana chumvi au ukichelewa, bakteria hushambulia mizizi ya manyoya: manyoya yanang'oka ukiyavuta kwa vidole, na baada ya kusindikwa uso wa ngozi unatoka na mabaka. Hakuna mashine inayorudisha uso huo.

Kwa nini haya yanaendelea wakati kila mchunaji anayajua? Kwa sababu analipwa kwa idadi ya ng'ombe, na ngozi nzima na iliyotobolewa mara nyingi hununuliwa kwa bei moja. Mnunuzi anayepanga ngozi kwa madaraja ya ubora pale pale machinjioni, mbele ya mchunaji, na kumpa sehemu ya tofauti ya bei, atapata ngozi nzima kabla hajanunua mashine hata moja.