Usiniulize lumeni ngapi, niambie mzigo unakaa wapi

Swali limekuja tena, kwa maneno yaleyale: "Nimepata baiskeli ya mizigo ya mkia mrefu (ile ambayo keria yake ya nyuma imerefushwa ibebe watoto na mizigo), nichukue taa ya lumeni ngapi?" Kabla hujafungua mdomo, mwingine keshajibu: elfu moja, elfu mbili, zikizidi ndiyo vizuri. Jibu hilo ndilo linalowafanya watu wafunge mbele taa inayowapofusha wanaokuja, na nyuma taa nyekundu ambayo koti la mtoto limeifunika tangu safari inaanza. Suala la taa nalieleza kwa urefu. Vifaa vingine vya baiskeli hii nitavipitia haraka, isipokuwa pale penye hatari.

Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa, kila upande. Haikuambii mwanga huo unaangukia wapi. Kinachokuonyesha shimo ni laksi, yaani kiasi cha mwanga kinachofika mahali fulani, na kwa taa za baiskeli hupimwa mita 10 kutoka kwenye taa. Chukua taa mbili za lumeni zilezile. Ya kwanza inamwaga mwanga wa duara, na sehemu kubwa inapaa juu na kuingia machoni mwa watu. Ya pili ina kiakisi kilichochongwa kukata mwanga kwa mstari mlalo, kwa hiyo karibu mwanga wote unalala barabarani. Ya pili itakuonyesha zaidi kwa betri ileile, na anayekuja mbele yako hatalazimika kufumba macho. Sheria ya Ujerumani, StVZO, inadai taa ya mbele isiyopofusha, ndiyo maana nawashauri hata wasioishi huko watafute kwenye kasha la taa alama ya idhini ya sheria hiyo: wimbi, herufi K na namba. Taa isiyo na alama hiyo inaweza kuwa nzuri, lakini utalazimika kuimulikia ukutani na kuukagua mstari mwenyewe.

Kumbuka pia kwamba mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Mwale unaotoa laksi 80 kwenye mita 10 unatoa 20 kwenye mita 20. Ukiongeza lumeni mara mbili huoni mbali mara mbili.

Sasa mahali pa kuifunga. Kwenye usukani ndipo wengi wanapokimbilia, na kwa baiskeli ya mkia mrefu mara nyingi ndipo pabaya zaidi, kwa sababu wengi hufunga pia kapu la mbele. Kapu likijaa, taa inamulika ndani ya kapu. Una njia mbili: kwenye taji la foki, yaani sehemu ya juu ya foki pale juu ya gurudumu, au mbele ya kapu lenyewe. Kwenye taji la foki taa inakaa chini, na hilo ni jambo jema, kwa sababu mwanga wa chini hurefusha vivuli vya mashimo na matuta, wakati mwanga wa juu huvifuta. Ubaya wake ni kwamba madigadi na tairi huweza kukata sehemu ya chini ya mwanga, hasa pale mbele ya gurudumu. Mbele ya kapu hakuna kinachoizuia, ila uliza kwanza: kapu limefungwa kwenye usukani au kwenye fremu? La fremu halipindi pamoja na gurudumu. Kwenye kona kali ya mwendo mdogo taa itaendelea kumulika ukuta ulio mbele, nawe unaingia gizani. Mimi bado nachagua kapu la fremu, kwa sababu uzito kwenye usukani unachosha mikono na kuyumbisha baiskeli ndefu, na upungufu wa taa kwenye kona nauvumilia. Wenzangu wenye uzoefu hawakubali, na hoja yao ina uzito kwa mtu anayepita vichochoro vyenye giza.

Kuna kosa ambalo hata mafundi hulifanya: wanalenga taa baiskeli ikiwa tupu. Mkia ukibebeshwa kilo 60, tairi la nyuma linabonyea, na kama foki ina springi, mbele inanyanyuka kidogo. Tuseme jumla ya mabadiliko ni milimita 20, na magurudumu yameachana kwa milimita 1300. Kwenye mita 10 mwanga umepanda zaidi ya sentimita 15. Mstari uliokuwa chini ya macho ya watu sasa unaweza kuyafikia. Kwa hiyo pakia mzigo wa kawaida, mwendeshaji akae kitini, simama mita 5 kutoka ukutani kwenye sakafu tambarare, na ulenge taa hadi katikati ya doa la mwanga iwe nusu ya kimo cha taa. Hapo mwanga utagusa barabara karibu na mita 10. Ukienda bila mzigo utaona karibu kidogo zaidi, na hilo halimdhuru mtu. Kaza bolti ya taa vya kutosha isilegee kwa mtikisiko, maana taa iliyolegea huinama au kuinuka polepole bila wewe kujua.

Tuje nyuma, mahali ambapo uvumilivu wangu huisha.

Taa ya kufunga kwenye nguzo ya kiti haifai kabisa kwenye baiskeli hii. Nyuma ya kiti chako kuna mita nzima hivi ya watoto, makasha na mifuko. Taa inayotegemewa lazima ikae kwenye ncha ya mkia, kwenye matundu mawili ya bolti ambayo huachana kwa milimita 50 au 80. Pima kabla ya kununua, kwa sababu taa ya 80 haiingii kwenye 50 bila kibao cha kati, na kibao hicho huisogeza taa chini au nyuma mpaka igongwe kila unapoegesha.

Lakini ncha ya mkia nayo haitoshi peke yake. Fikiria kasha lililochomoza sentimita 20 nyuma ya taa, na taa iko sentimita 10 chini ya kitako cha kasha. Dereva wa gari dogo, macho yake yakiwa kwenye kimo cha mita 1.2, anaiona taa hata akiwa mita 3 nyuma yako. Dereva wa lori, macho yake yakiwa mita 2.5 juu na taa ikiwa nusu mita kutoka chini, kwenye mita hizohizo 3 haioni. Kasha limeikata. Na huyo ndiye dereva ambaye, akiwa karibu hivyo kwenye foleni, ungependa akuone kuliko wote. Ongeza mifuko ya pembeni inayovimba ikijaa, joho la mvua linaloning'inia, miguu ya abiria, na utaelewa kwa nini namba ya lumeni iliyoandikwa kwenye boksi hainishughulishi hata kidogo.

Suluhisho ninalolitetea ni taa mbili za nyuma zenye kazi tofauti. Ya kwanza ni ya waya, imefungwa kwenye ncha ya mkia na haiondolewi. Ya pili ni ya betri, ya klipu, na inapanda juu ya chochote kilicho mwisho kabisa: mgongo wa kiti cha mtoto, ukingo wa kasha, mkanda wa mzigo. Kila unapobadilisha mzigo, hamisha taa hii. Ikishikwa na kitambaa, hakikisha haiinamii chini, kwa sababu taa nyingi ndogo zina mwanga mkali kwa aliye nyuma moja kwa moja tu, na ikiinama kidogo inabaki nuru hafifu. Wapo wanaopendekeza mbili ziwe sambamba kushoto na kulia, ili upana uonekane. Sijashawishika. Taa mbili nyekundu zilizokaribiana, gizani, zinaweza kufanana na gari lililo mbali, na dereva anayedhani uko mbali hapunguzi mwendo. Moja juu ya nyingine haileti mkanganyiko huo. Hata hivyo sitadai kwamba jambo hili limeshaamuliwa.

Kuhusu taa za kumeta, Ujerumani hairuhusu taa za baiskeli zimete. Kumeta huvuta jicho, lakini humpa dereva shida kukadiria umbali na mwendo wako. Usiku nataka taa ya mkia iwake mfululizo. Mchana, kama sheria ya mahali ulipo inaruhusu, taa ya pili kumeta naona kuna faida, ila siwezi kusema faida hiyo ni kubwa kiasi gani.

Pembeni ndiko kunakosahaulika. Tairi zenye duara jeupe linaloakisi ni nzuri sana, lakini mifuko mikubwa hufunika gurudumu lote la nyuma. Dereva anayetoka njia ya pembeni anaona duara moja tu, la mbele, na anadhani baiskeli imeshapita wakati nusu yake bado iko mbele ya bampa. Shona au bandika utepe wa kuakisi kwenye mifuko yenyewe, kwenye kona ya chini ya nyuma, na mwingine kwenye ubavu wa mkia. Ni kazi rahisi kupita zote hapa, na inashangaza wachache wanavyoifanya.

Umeme kwa ufupi. Kama baiskeli ina mota, soma kama tundu la taa linatoa volti 6 au 12, na kikomo cha mkondo wake. Taa ya volti 6 pekee ukiichomeka kwenye 12 itaungua. Mota hutoa mkondo mnyoofu (DC), kwa hiyo chanya na hasi zisipishane. Taa iliyotengenezwa kwa ajili ya dainamo inategemea mkondo geu (AC), na si kila moja itakubali mkondo wa mota. Kama hakuna mota, dainamo ya habu, yaani iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu, ya volti 6 na wati 3 inatosha mbele na nyuma, na taa ya nyuma hupata umeme wake kupitia taa ya mbele. Watu huogopa kwamba waya mrefu wa mkia utapoteza umeme. Taa ya nyuma inakula kidogo mno hata upotevu huo hauonekani. Kinachoua taa ya nyuma ni viungo vyenye kutu, waya uliosuguliwa na pindo la mfuko, na ujanja wa kutumia fremu kama waya wa kurudishia. Vuta nyaya mbili kamili, zipitishe ndani ya bomba la mkia au upande wa ndani wa keria, acha kitanzi kidogo penye foki ili usukani ugeuke, na ufanye hivyo kabla hujafunga mbao, reli na viti. Taa yenyewe ichaguliwe mwisho, baada ya kujua mzigo utakaa wapi.

Sasa vifaa vingine, nikianza na hesabu ambayo watu hawapendi kuifanya. Tuseme kikomo cha uzito wa jumla, pamoja na baiskeli na mwendeshaji, ni kilo 200. Baiskeli 35, mwendeshaji 85, zinabaki 80. Kiti cha mtoto 4, mifuko miwili 3, reli na vizuia miguu 4, kapu na kufuli 5: umeshatumia 16, zimebaki 64. Halafu kuna kikomo cha keria pekee, tuseme 80, nacho ukitoa vilivyoko nyuma (vyote isipokuwa kapu na kufuli), kilo 11, zinabaki 69. Namba ndogo ndiyo inayotawala, yaani 64. Kilo zinazokaa nyuma ya ekseli ya nyuma hunyanyua gurudumu la mbele, kwa hiyo kizito kikae karibu na mgongo wako.

Kizuia miguu pembeni ya gurudumu si pambo. Mguu wa mtoto ukiingia kwenye spoki, gurudumu linauvunja. Kifunike kuanzia keria hadi chini ya pale mguu wake unapofika, na asipande kabla hakijafungwa. Kiti cha mtoto chenye kiwango cha EN 14344, kile cha Ulaya cha viti vya watoto vya baiskeli, kina mwisho wa uzito, kwa kawaida kilo 22, na vibanio vingi vya viti vimetengenezwa kwa mabomba membamba ya keria za kawaida. Bomba la mkia mrefu mara nyingi ni nene zaidi. Usikilazimishe. Tafuta kinachoendana na keria yako.

Stendi iwe ya miguu miwili, mipana, na iendane na ukubwa wa gurudumu lako. Ongeza springi ya kuushika usukani unyooke, la sivyo gurudumu la mbele litageuka ghafla ukiwa unapakia. Pakia cha karibu na kiti chako kwanza, na wakati wa kushusha anza na cha nyuma kabisa.

Kamba za mpira zenye ndoano sizipendi: hunyooka mzigo ukicheza, na ndoano ikichomoka inaelekea usoni. Tumia mikanda bapa ya kukaza kwa bizimu, na mwisho wa kila mkanda ufungwe. Mkanda ulioachwa ukining'inia hufika kwenye spoki au kwenye cheni.

Kioo kifunge upande wa magari, kengele ifikike kwa kidole bila kuachia breki. Kufuli liwe refu kuliko ulivyozoea, kwa sababu baiskeli hii haisogei karibu na kila nguzo.

Bolti za M5 (kipenyo cha milimita 5) kwa kawaida hukazwa hadi karibu na newtonimita 5, kipimo cha nguvu ya kukaza, za M6 karibu na 9, lakini namba ya mtengenezaji ndiyo ya kufuata. Penye mtikisiko weka nati ya nailoni au gundi ya nati. Baada ya wiki ya kwanza ya kubeba mzigo, zipitie zote tena kwa spana, ukianza na zile mbili zinazoshika taa ya mkia.