Je, wajua kwa nini mtoto wa miaka miwili hukataa chakula alichokipenda jana?

Akiwa na miezi tisa hakuwa na shida. Ndizi ya kuponda anakula, mchicha anakula, rojo la dagaa anakula, na hata ukwaju aliokunjia uso alikuwa akiurudia. Akishafika mwaka na nusu mambo yanageuka. Kile kile alichokigombania wiki iliyopita leo anakisukuma kwa kiganja, anageuza shingo na kubana midomo. Bibi anasema mtoto amepigwa jicho, jirani anasema amedekezwa, baba anasema mpeni chipsi ale tulale. Lawama zote zinamwangukia mama, wakati sehemu kubwa ya kinachotokea hapo si kosa la mtu. Ni umri, na umri huo una sababu zake.

Sababu ya kwanza unaweza kuisoma kwenye kadi ya kliniki. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya ukuaji baada ya kupima watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. Kwa viwango hivyo mtoto wa kiume mwenye uzito wa katikati huzaliwa na kilo 3.3, anafikisha kilo 9.6 akitimiza mwaka, na kilo 12.2 akitimiza miaka miwili. Wa kike ni kilo 3.2, kisha 8.9, kisha 11.5. Piga hesabu: mwaka wa kwanza anaongeza karibu kilo 6 au zaidi kidogo, mwaka wa pili kilo 2 na nusu tu. Mwili umepunguza kasi, na njaa nayo imepungua. Mzazi aliyezoea kuona bakuli likikombwa sasa anaona nusu imebaki, roho inamruka, anaanza kumfuata mtoto na kijiko mlangoni, uani, mpaka barazani.

Tena mtoto hali kiasi kile kile kila mlo. Mwaka 1991 Leann Birch na wenzake huko Marekani walipima walichokula watoto wa miaka 2 hadi 5 siku nzima. Mlo mmoja na mwingine ulipishana sana, lakini ukijumlisha siku, tofauti ilikuwa ndogo. Aliyekula kidogo asubuhi alifidia baadaye. Kwa hiyo chakula cha mchana kilichokataliwa hakitoshi kumhukumu mtoto. Mtazame kwa siku, au bora zaidi kwa wiki.

Sababu ya pili ni ya kale kuliko majiko yetu. Binadamu si kama mnyama anayeishi kwa jani la aina moja. Sisi tunakula karibu kila kitu, na Paul Rozin, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1976 shida inayoletwa na jambo hilo: lazima ujaribu vipya ili uishi, na kila kipya chaweza kuwa sumu. Mtoto wa miezi minane hahitaji woga huo, kwa kuwa kingi kinachofika kinywani mwake kimetoka mkononi mwa mtu anayempenda. Akianza kutembea, ulinzi huo hautoshi tena. Uani kuna mbegu za mbono, porini kuna matunda mekundu yanayovutia, na shambani kuna mhogo mchungu ambao usipoandaliwa ipasavyo una sumu ya sianidi ya kutosha kumdhuru mtu mzima, seuze mtoto. Woga wa chakula kigeni unaanza kushika kasi pale pale miguu inapopata nguvu. Elizabeth Cashdan, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Utah, aliandika mwaka 1994 kwamba miaka miwili ya kwanza ndiyo ambayo mtoto hupokea ladha mpya kwa wepesi, na baada ya hapo utayari huo unashuka. Ndiyo maana vitu vya kijani na vyenye uchungu, kama vile mchicha, mnafu na majani ya kunde, ndivyo vinavyokataliwa mbele. Uchungu ni alama ya sumu nyingi za mimea.

Angalia jinsi anavyokataa. Mara nyingi haonji. Anaangalia tu. Ndizi iliyokatika vipande viwili anaikataa, ingawa aliomba ndizi. Ugali ulioguswa na mchuzi ubavuni anausogeza pembeni, ule mkavu anakula. Kwake chakula ni sura kwanza, na sura ikibadilika kimekuwa kitu kingine asichokijua. Hapo ndipo unaweza kuelewa kwa nini chipsi zinashinda kila mara. Ukiacha mafuta na chumvi, chipsi za Tanga, Mombasa na Mwanza zinafanana. Mchicha wa mama haufanani na mchicha wa shangazi: mmoja umetiwa nazi, mwingine karanga, mwingine nyanya nyingi. Mtoto anayeogopa mageni anachagua kisichombadilikia.

Watoto wa tumbo moja nao hawalingani katika hili. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walilinganisha jozi 5,390 za mapacha wa miaka 8 hadi 11 na kukuta kwamba takriban asilimia 78 ya tofauti za woga huu baina ya watoto ilitokana na urithi. Mama mwenye mtoto wa kwanza anayekula hadi ukoko na wa pili anayechambua wali punje kwa punje hajafanya kosa lolote kati ya wa kwanza na wa pili.

Urithi huo hata hivyo hauzuii mtoto kujifunza, na hapa ndipo pana jambo kubwa kuliko yote ninayotaka kuyasema. Mtoto hujuaje kuwa kitu si sumu? Kwa kumwona mtu wake akikila. Elsa Addessi wa Italia na wenzake waliwapa watoto wa miaka 2 hadi 5 semolina, yaani ngano iliyosagwa chengachenga, iliyotiwa rangi wasiyoizoea. Mara nyingine mtu mzima alikaa tu karibu bila kula, mara nyingine alikula ya rangi tofauti, mara nyingine alikula ya rangi ile ile. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2005, watoto walikubali chakula zaidi pale mtu mzima alipokula cha rangi ile ile. Kukaa karibu hakukutosha, na kula kitu kingine hakukutosha.

Sasa fikiria ratiba ya nyumba nyingi za mjini. Saa kumi na mbili jioni dada wa kazi au mama anamweka mtoto mapajani na kumlisha peke yake, chakula chake kimepondwa mbali. Wakubwa wanakula saa tatu usiku, mtoto kalala. Mtoto huyo anaweza kupitisha wiki nzima bila kumwona baba yake akitia tonge la mchicha mdomoni. Kila siku anaambiwa "kula", na haoni mtu akila. Nyumba zinazoweza kusogeza mlo mmoja tu mbele ili wote wawe pamoja, hata kama ni chai ya asubuhi na viazi vitamu vya Jumapili, zinampa mtoto kitu ambacho maneno hayawezi kumpa.

Kwa sababu hiyo hiyo sinia lina faida kubwa. Watu wameketi mkekani, birika na bakuli la kunawia vimepita, na mtoto anaona mikono mitano ikienda kwenye kile kile kilicho mbele yake. Kaka anamega, anabonyeza kwa gumba, anachovya, anakula. Mtoto naye anamega katonge kadogo, anakabonyeza vibaya, mchuzi unamchuruzika hadi kiwiko, anakalamba. Mwache achafuke. Lakini sinia lina kasoro yake: mikono ya wakubwa ni mepesi, na huwezi kujua mtoto amekula kiasi gani. Ndiyo maana washauri wa lishe wanasema mtoto mdogo apewe sahani yake. Hayo mawili hayagombani. Mkalishe kwenye mkeka ule ule, chakula kitoke sufuria ile ile, na sahani yake iwe mbele yake na sehemu yake ya samaki au maharage imeshatengwa.

Kuona peke yake hakutoshi; kukizoea chakula huchukua muda. Mwaka 1982 Birch na Diane Marlin waliwaonjesha watoto wa miaka miwili vyakula vigeni kwa siku nyingi, na kadiri walivyoonja mara nyingi ndivyo walivyovipenda zaidi. Huenda ukahitaji mara kumi, wengine zaidi. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2004, ulikuta kwamba walezi wengi huamua "huyu hapendi" baada ya kujaribu mara 3 hadi 5 tu. Weka kidogo, kiasi cha ncha ya kidole, kando ya kile anachokijua. Akikigusa na kukiacha, kiondoe bila maneno, kirudi keshokutwa. Na mama mjamzito au anayenyonyesha, jua kuwa somo limeshaanza: Julie Mennella na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti wakati wa ujauzito au kunyonyesha walipokea vizuri zaidi chakula chenye ladha ya karoti.

Kinachoharibu ni kulazimisha. Mwaka 2006 Amy Galloway na wenzake walichapisha jaribio ambalo watoto wa miaka 3 hadi 5 walipewa supu, nyingine wakihimizwa "malizeni supu", nyingine wakiachwa. Ile waliyohimizwa waliinywa kwa kiasi pungufu na kuisema vibaya. Na kumalizia supu ni himizo la upole ukilinganisha na kumkaba mtoto uji: amelazwa chali mapajani, mikono imeshikwa, pua imebanwa ili afungue mdomo. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu wengi wanaolifanya wanalifanya kwa mapenzi na kwa hofu ya kumwona mtoto amekonda. Acheni kabisa. Uji unaweza kuingia kwenye mapafu, na mtoto anaweza kufa. Anayepona anajifunza kuwa kijiko ni cha kukimbiwa.

Kabla hujasema njaa imepotea, angalia pia kilichotangulia tumboni. Tumbo lake ni dogo. Biskuti mbili na juisi ya pakiti saa kumi jioni zinatosha kuua hamu ya chakula cha usiku. Chai ya rangi pamoja na chakula inapunguza madini ya chuma yanayofyonzwa. Maziwa ya ng'ombe ni mazuri, ila yakizidi takriban nusu lita kwa siku yanakaa mahali pa chakula.

Wala si kila kukataa ni umri. Tanzania, kwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya mwaka huo huo ni asilimia 18. Mtoto ambaye mstari wa kadi yake umelala au unashuka, anayehara mara kwa mara, mwenye vidonda mdomoni, homa, au viganja vyeupe, apelekwe kliniki. Malaria, minyoo na upungufu wa damu vyote hukata hamu ya kula. Usimkoseshe vitamini A ya kila miezi sita, na dawa ya minyoo akishatimiza mwaka.

Tukitoka nje kula, yote haya yanakutana kwa mkupuo mmoja. Chukua jioni ya Forodhani, Unguja: taa, moshi wa mishkaki, wachuuzi wanaita, watu wanapishana, na pweza amelala mezani na mikono yake yote. Mtoto ambaye nyumbani anaogopa mchuzi kugusa ugali utamwambia nini hapo? Hakatai kwa kukuaibisha. Sahani ni ngeni, harufu ngeni, nyuso ngeni, na pengine muda wake wa kulala umekaribia.

Kwa hiyo nenda mapema, kabla njaa haijageuka kilio, na soda isubiri. Migahawa mingi haina kiti cha mtoto, basi mpakate akiangalia meza, asiangalie barabara. Omba sahani tupu. Agiza kitu ambacho ndani yake mna kimoja anachokijua tayari: wali mweupe, chapati, ndizi ya kuchemsha. Mwambie mhudumu pilipili iwekwe pembeni. Kisha kula wewe. Wazazi wengi hotelini wanamlisha mtoto kwanza huku chakula chao kinapoa, na hivyo mtoto anakosa kile ambacho kingemsaidia zaidi. Mmegee kutoka sahani yako kile unachokila wewe muda huo huo. Usishindane naye mbele za watu, atakula nyumbani. Na usitarajie aketi muda wa maongezi yenu. Akishamaliza, mmoja wenu atoke naye kidogo.

Akiomba samaki, ichambue nyama kwa vidole vyako hata kama mpishi amekuhakikishia haina miiba. Chukua pande dogo la changu, lisugue taratibu kati ya gumba na shahada mpaka lisambaratike. Mwiba hauonekani kwa macho kwenye mwanga wa jioni, ila kidole kinauhisi. Mishkaki ikate vipande vidogo na uiondoe kwenye kijiti kabla hajaishika. Karanga na korosho nzima, bisi na zabibu nzima zisimfikie mtoto wa umri huu, na asile huku anakimbia baina ya meza, kwa kuwa ndivyo watoto wanavyopaliwa.