Maembe hayaleti malaria

Hapa Tabora, maembe yakianza kuiva, wazazi wengi huwakanya watoto: "Ukizidisha maembe utaumwa malaria." Imani hii ina chanzo chake. Msimu wa maembe ukifika, homa nazo huongezeka kweli. Walioliona hilo hawakukosea kuona.

Ila vitu viwili kuja pamoja hakumaanishi kimoja kimesababisha kingine. Maembe huiva mvua zinapoanza, na mvua hizohizo huacha maji kwenye madimbwi, kwenye nyayo za ng'ombe na kwenye mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali. Humo mbu aina ya Anofelesi hutaga. Jike mwenye vimelea akimuuma mtoto, homa huanza siku 7 au zaidi baadaye, wakati mtoto keshakula maembe siku zote hizo. Nani atamkumbuka mbu wa wiki iliyopita?

Jipimie mwenyewe. Machi na Aprili maembe yamekwisha mitini, mvua bado inanyesha: malaria imekoma? Na yule asiyeonja embe kabisa, lakini halali kwenye chandarua, haugui?

Kinachoniuma ni mtoto kunyimwa embe, kisha akalazwa bila chandarua. Homa ikimpanda, apelekwe kupimwa siku hiyohiyo.