Lavenda kwa vipandikizi: maji ndiyo huua, si kiu

Haupiti mwezi bila mtu kufika kitaluni kwangu hapa Limuru akiwa na kikopo chenye vijiti vitatu vya lavenda, vyeusi kuanzia chini. "Na nimevimwagilia kila siku," ananiambia kwa uchungu. Ninamwelewa. Lakini lavenda asili yake ni milima mikavu yenye mawe kando ya Mediterania. Ukiitunza kama sukuma wiki, inaoza.

Mbegu siwashauri; tumieni vipandikizi, yaani vijiti vilivyokatwa kwenye mmea mkubwa. Huchukua wiki mbili hadi nne kuota, wakati mwingine zaidi, na miche haifanani na mama yake. Ile chotara iitwayo lavandini, inayolimwa Provence, kusini mwa Ufaransa, kwa ajili ya mafuta, haizai mbegu kabisa. Kila mche wake ni kipande cha mmea mwingine.

Kwa anayeanza, chukua lavenda yenye majani ya meno-meno, Lavandula dentata. Ndiyo iliyojaa kwenye bustani zetu, na haihitaji baridi kali ili itoe maua.

Mimi hukata asubuhi mapema, majani yakiwa bado yameshiba maji. Natafuta chipukizi lisilo na ua wala tumba, kwa sababu lenye ua hupeleka nguvu yake juu badala ya kuunda mizizi. Nalipinda kidogo: likiwa laini kama uzi bado ni changa, likikatika kavu kama kuni limezeeka. Nalolitaka hunyumbuka, na shina lake huwa limeanza kukakamaa upande wa chini. Nalikata kwa wembe safi, urefu wa sentimita 8 hadi 10, chini tu ya kifundo yanapotokea majani, maana hapo ndipo mizizi huchomoza kwa wepesi zaidi. Majani ya nusu ya chini nayaondoa kwa ukucha, moja moja. Ukiyavuta kwa pupa yanaondoka na ganda.

Udongo wangu ni nusu mchanga wa mto wenye chenga kubwa, nusu mboji iliyochekechwa. Samadi hapana. Mchanga wa baharini pia hapana, una chumvi. Unga wa homoni ya mizizi husaidia, lakini hata bila huo lavenda hushika.

Kuhusu kufunika kwa nailoni, nilijifunza kwa hasara. Julai moja, Limuru ikiwa kwenye ukungu wake wa baridi, nilifunika vikopo arobaini na kuviacha hivyo wiki nzima. Nilipofunua, majani yalikuwa na manyoya ya kijivu ya kuvu, na karibu vyote vilikwisha. Jani la lavenda lina vinyweleo vinavyoshika unyevu, hivyo hewa isipopita, kuvu inapata makao. Ila kipandikizi kisicho na mizizi nacho hupoteza maji kupitia majani, kwa hiyo jua kali linakikausha. Siku hizi naviweka kwenye kivuli chepesi chenye upepo. Wakati wa joto navifunika siku chache za mwanzo, na kila asubuhi nafunua. Msimu wa baridi sifuniki kabisa. Kabla ya kumwagilia nainua kikopo: kikiwa kizito nakirudisha kilivyo.

Majani mapya yasikudanganye. Kijiti kinaweza kuchipua kwa akiba iliyomo ndani yake huku chini hakina kitu. Kwanza hutokea uvimbe mdogo mweupe pale ulipokata, kama punje ya mchele, kisha mizizi. Kuanzia wiki ya tatu, hadi ya sita, kivute polepole kwa vidole viwili. Kikikataa kutoka, kimeshika. Kikilegea, kiache, usikichimbue kukichungulia. Mizizi hiyo michanga ni kama nywele na hukatika kwa kuguswa tu.

Ukihamishia ardhini, kumbuka udongo wa huku kwetu kwenye chai una asidi nyingi, na lavenda haiupendi. Changanya chokaa ya shambani, na upande kwenye tuta lililoinuka ili maji ya mvua za Aprili yasisimame. Mche ukifika kama kiganja, kata ncha yake utoe matawi. Ukileta tumba mapema, likate pia. Mimi huyaweka matumba hayo ya kwanza kwenye sahani dirishani, na chumba kizima hunukia hadi jioni.